Saratani ya Matiti: Tuiwahi Kabla Haijakata Njia

Wachimbaji wadogo wa Rwamgasa na Nyarugusu, mkoani Geita, wanalijua vizuri jambo moja kuhusu machimbo. Siku dhahabu inapofumuka mahali papya, wa kwanza kufika ni watu wachache wenye sururu, majembe na ndoo. Kambi yao hubaki ndogo maadamu maji na chakula vyaletwa kichwani. Lakini pindi njia inapokatwa na gari la kwanza likapita, mambo hugeuka. Matimba ya kuegemeza maduara huletwa, karasha hufungwa, vibanda vya mama lishe huota, na kambi ya watu kumi huwa mji. Tena njia hiyo hiyo iliyoingiza mashine ndiyo inayowatoa watu kwenda kuanzisha machimbo mengine ng'ambo ya kilima.

Tumeanza na habari za machimbo kwa sababu leo twataka kuzungumzia maradhi yanayokua kwa desturi iyo hiyo ndani ya mwili wa mwanadamu, nayo ni saratani ya matiti. Saratani nayo huanza kama kambi ya wachache. Nayo haikui mpaka ijikatie njia, na njia yake ni mishipa mipya ya damu. Twawaandikia ndugu zetu wa visiwani, kuanzia Ukerewe na Ukara hata Kome, Maisome na Izumacheli. Na twawaandikia viongozi wa Serikali na wa halmashauri katika mikoa ya Shinyanga, Geita na Mwanza. Maana, kama tutakavyoonyesha, ushindi juu ya maradhi haya hauko katika chumba cha upasuaji peke yake. Uko zaidi njiani: kati ya kijiji na zahanati, kati ya kisiwa na bara, na kati ya kinofu cha nyama na hadubini.

Punje ya ulezi

Kila chembe hai ya mwili, yaani seli, huishi kwa oksijeni na chakula kinacholetwa na damu. Oksijeni ikishatoka katika mshipa mwembamba wa damu haiwezi kusafiri mbali. Huishia kiasi cha sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Seli iliyo mbali zaidi ya hapo hukosa pumzi. Kwa hiyo fungu la seli za saratani lisilo na mishipa yake lenyewe hubanwa na hesabu hiyo. Laweza kufikia upana wa milimita moja au mbili, yaani ukubwa wa punje ya ulezi, kisha likasimama. Seli za nje huzaliwa, za ndani hufa, na fungu zima hubaki pale pale. Laweza kukaa hivyo kwa muda mrefu, hata miaka, bila ya mwenye mwili kujua lolote.

Aliyeitangaza hoja hii kwa nguvu ni daktari wa upasuaji wa Marekani aliyeitwa Judah Folkman. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa katika maabara ya jeshi la majini la nchi yake, yeye na mwenzake Frederick Becker walipandikiza seli za saratani katika tezi za koo za sungura, ambazo zilikuwa zimetolewa mwilini na kuwekwa hai ndani ya vyombo vya kioo. Vivimbe vilikua mpaka milimita moja au mbili, vikakoma. Lakini havikuwa vimekufa, kwani vilipohamishiwa katika panya hai vilijaa mishipa ya damu na kukua kwa kasi. Novemba 18, 1971, Folkman aliandika katika jarida la madaktari la New England kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua bila ya kujiotesha mishipa mipya, na kwamba atakayeweza kuizuia mishipa hiyo ataweza kuuzuia uvimbe. Wengi hawakumwamini. Walidhani mishipa ile ni wekundu tu wa kawaida unaozunguka jeraha lolote.

Mwaka huo huo wa 1971, Hospitali ya Bugando ilifunguliwa juu ya kilima chake mjini Mwanza. Siku ile mambo haya mawili hayakuwa na uhusiano wowote. Leo hatuna budi kuyakutanisha.

Uvimbe unapoita

Wataalamu waliomfuata Folkman waliuliza swali lililo wazi: uvimbe huiitaje mishipa? Mwaka 1983 Harold Dvorak na wenzake walieleza kwamba vivimbe hutoa protini inayoilegeza mishipa ya damu mpaka ikavuja. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake waliitambua kwa ukamilifu protini inayoamuru mishipa ikue, ambayo huitwa kwa herufi VEGF, na ikadhihirika kwamba protini hizo mbili ni kitu kimoja. Seli inapokosa pumzi hutoa protini hiyo kama mtu anayezama apigavyo kelele. Kelele hizo humfikia mshipa wa jirani, nao huchipua matawi kuelekea kule zinakotoka. Namna seli inavyotambua upungufu wa oksijeni ndiyo iliyowapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Nishani ya Nobel mwaka 2019.

Yafaa tutambue kwamba mwili haukubuni mwito huu kwa ajili ya maradhi. Ni mwito mwema. Ndio unaootesha mishipa katika kondo la nyuma mama anapokuwa mjamzito, na ndio unaoponya kidonda cha mguu uliokatwa na jembe. Tofauti ni kwamba kidonda kikipona mwito hunyamaza, bali uvimbe wa saratani haunyamazi. Tena mishipa inayouotea ni mishipa ya haraka haraka, imepinda na kuvuja, mfano wa barabara iliyolimwa masika bila ya kushindiliwa. Kupitia matundu hayo ya mishipa, seli za saratani hupenya na kusafiri hadi kwenye mapafu, maini na mifupa. Njia iliyoleta chakula sasa inasafirisha machimbo.

Katika titi, jambo hili huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Saratani nyingi za matiti huanzia ndani ya vifereji vinavyopitisha maziwa. Kwa muda seli hizo mbaya hufungwa humo ndani, zikizungukwa na utando mwembamba, na humo hamna mshipa wa damu hata mmoja. Hatua hiyo huitwa saratani iliyo mahali pake. Hata hivyo, mwaka 1994 wachunguzi wa Boston walionyesha kwamba katika baadhi ya wagonjwa wa hatua hiyo, mishipa midogo ya damu ilikwisha kujipanga kama pete kukizunguka kifereji kwa nje, mithili ya watu waliopiga kambi langoni wakingoja kufunguliwa. Kabla ya hapo, mwaka 1978, Brem, Jensen na Gullino walichukua vinofu vya matiti ya wanawake na kuvipandikiza katika jicho la sungura. Waliona kwamba hata baadhi ya vinofu ambavyo havijawa saratani, lakini seli zake zimeanza kuzidi kiasi, viliweza kuita mishipa mipya. Kwa maneno mengine, uwezo wa kukata njia waweza kutangulia saratani yenyewe.

Mwaka 1991 Noel Weidner, Folkman na wenzao walihesabu mishipa hiyo kwa hadubini katika vivimbe vya wanawake 49 wenye saratani ya matiti iliyokwisha kupenya nje ya vifereji. Kwa wale ambao maradhi yalikuwa yamesambaa, walihesabu wastani wa mishipa 101 katika eneo moja la hadubini. Kwa wale ambao hayajasambaa, wastani ulikuwa 45. Uchunguzi wa baadaye haukukubaliana wote na ukubwa wa tofauti hiyo, na kuhesabu mishipa hakukuwa kipimo cha kila siku mahospitalini. Lakini hoja ya msingi ilikwisha simama: maradhi haya yana kipindi kabla ya njia, na kipindi baada ya njia.

Hesabu ya Bugando

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2011 Peter Rambau, Phillipo Chalya na wenzao walitangaza uchunguzi wao juu ya wagonjwa wote wa saratani ya matiti waliothibitishwa kwa hadubini katika Hospitali ya Bugando tangu mwaka 2002 hadi 2010. Hao ndio watu wa kanda yetu: wa Mwanza, Shinyanga na jirani zake, na wa Geita ambayo wakati ule ilikuwa bado wilaya, kabla ya kufanywa mkoa mwaka 2012. Wagonjwa walikuwa 328. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 48.7, na zaidi ya nusu walikuwa hawajafikia miaka 46. Ni akina mama walio katika nguvu zao, wenye watoto shuleni na mashamba ya kulima.

Tunawaomba wasomaji wazitazame kwa makini hesabu zifuatazo. Wastani wa upana wa uvimbe ulikuwa sentimita 5.5. Wagonjwa 64 katika kila mia walikuwa katika hatua ya tatu. Wagonjwa 70 katika kila mia walikuwa na saratani iliyokwisha kufika kwenye tezi za kwapa. Waliokuwa katika hatua ya kwanza walikuwa asilimia 4.3, yaani kama watu 14 tu kati ya wote 328. Na wale ambao saratani yao ilikuwa bado imefungwa ndani ya vifereji walikuwa asilimia 0.3. Maana yake ni mtu mmoja. Katika miaka tisa, katika kanda nzima, mtu mmoja!

Uvimbe wa sentimita 5.5, ukilinganishwa na ile punje ya ulezi ya milimita mbili, una ujazo unaouzidi zaidi ya mara elfu ishirini. Hiyo si kambi tena, ni mji wenye barabara kila upande. Wachunguzi hao wa Bugando waliona pia kwamba katika vivimbe vingine sehemu za ndani zilikuwa zimekufa, na kwamba wenye vivimbe vya namna hiyo ndio hasa ambao saratani ilikuwa imefika kwapani. Twaweza kuona sababu ya jambo hilo kulingana na tuliyokwisha kueleza. Uvimbe uliokua upesi kuliko mishipa yake hukosa pumzi katikati, na uvimbe unaokosa pumzi ndio unaopiga kelele zaidi.

Hesabu hizo ni za miaka ile, na ni haki kusema kwamba tangu wakati huo Bugando imeongezewa huduma za saratani, pamoja na tiba ya mionzi ambayo zamani mgonjwa wa kanda hii aliifuata Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwake. Mwaka 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa, na mgonjwa wa Geita hangoji tena kivuko ili afike Mwanza. Hayo ni maendeleo ya kujivunia. Lakini daraja humfaa yule aliyekwisha kuondoka nyumbani. Shida yetu kubwa ni yule ambaye bado hajaondoka.

Dawa ya kufunga njia

Yupo msomaji atakayeuliza: kama saratani huishi kwa njia zake, kwa nini wataalamu wasizifunge njia hizo kwa dawa, nasi tukapumzika? Swali hilo ni zuri, na lilijaribiwa kwa fedha nyingi. Dawa iitwayo bevasizumabu, inayouzwa kwa jina la Avastin, ilitengenezwa ili kuizuia ile protini inayoita mishipa. Marekani iliiruhusu kwa saratani ya utumbo mpana mwaka 2004. Februari 2008, mwezi mmoja baada ya Folkman kufariki dunia, iliruhusiwa kwa masharti kwa saratani ya matiti iliyosambaa.

Furaha haikudumu. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba dawa ilichelewesha kidogo kukua kwa uvimbe, lakini haikuthibitika kuwaongezea wagonjwa hao maisha, na iliwaletea baadhi yao madhara makubwa. Novemba 18, 2011, miaka arobaini kamili tangu makala ya Folkman, mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa ruhusa hiyo. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililohusu wanawake zaidi ya 2,500 wenye saratani ya matiti ya hatua za mapema, ya aina isiyosikia dawa za homoni. Waliopewa dawa hiyo kwa mwaka mzima pamoja na matibabu ya kawaida hawakupata nafuu ya maana kuliko wenzao ambao hawakupewa. Uvimbe una hila nyingi. Ukizibiwa mwito mmoja hutumia mwingine, na wakati mwingine huvamia mishipa iliyokuwapo tangu zamani bila ya kuotesha mipya.

Hatusemi kwamba kazi ya Folkman ilikuwa bure. Dawa za namna hiyo zimewafaa wagonjwa wa saratani nyingine, na pia wenye maradhi fulani ya macho yanayotokana na mishipa kuota mahali isipotakiwa. Lakini kwa saratani ya matiti, fundisho lililobaki ni lile ambalo wazee wetu walilisema zamani: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna dawa ya bei yoyote iliyopatikana ambayo inaweza kufuta hasara ya kuchelewa. Na hii yapasa iwe faraja kwetu, kwa sababu kuwahi ni jambo tuwezalo.

Mkono wa mkunga

Lazima tuwe wakweli katika jambo moja. Mkono wa binadamu hauwezi kuigundua punje ya ulezi ndani ya titi. Uvimbe unaoweza kuguswa, hata ukiwa wa sentimita moja, umekwisha kupata mishipa yake. Kwa hiyo mkono hautatufikisha mwanzo kabisa wa maradhi. Lakini kati ya uvimbe wa sentimita moja na ule wa sentimita 5.5 kuna tofauti ya ujazo zaidi ya mara mia moja na sitini, na katika tofauti hiyo ndimo maisha ya mtu yalimo. Wa kwanza mara nyingi huondolewa kwa upasuaji, pengine bila ya kuliondoa titi zima, na kama ni wa aina inayosikia homoni, mgonjwa huendelea na vidonge vya tamoksifeni ambavyo si vya bei kubwa. Wa pili huhitaji kila silaha iliyopo, na hata hivyo waweza kushinda.

Je, mkono uliofunzwa waweza kweli kuleta faida? Huko Mumbai, India, tangu mwaka 1998, wanawake zaidi ya laki moja na nusu waliingizwa katika uchunguzi wa miaka ishirini. Wahudumu wa afya wa kawaida, si madaktari bingwa, walifundishwa kuchunguza matiti kwa mikono kila baada ya miaka miwili. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba wanawake waliochunguzwa waligunduliwa maradhi yakiwa katika hatua za chini zaidi. Kwa wale wenye umri wa miaka 50 na zaidi, vifo vya saratani ya matiti vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo upungufu wa vifo haukuthibitika. Kwa kuwa wengi wa wagonjwa wa Bugando walikuwa vijana zaidi, hatuna budi kuongeza jambo la pili: mwanamke wa umri wowote anayekwenda zahanati na kusema ana donge, asirudishwe nyumbani kwa dawa ya maumivu na maneno matamu.

Hapa pana kizuizi ambacho kila mama wa visiwani na wa machimboni anakijua. Donge la saratani kwa kawaida haliumi mwanzoni. Mtu aliyezoea kuvumilia malaria na maumivu ya mgongo hawezi kupoteza siku ya kazi, nauli ya boti na heshima yake kwa ajili ya kitu kisichouma. Isitoshe, titi ni sehemu ya siri, na wengine huogopa kwamba wakifika hospitali watakatwa. Ndipo huanzia kwa mganga, akapakwa dawa, akachanjwa, miezi ikapita. Hatuwalaumu mama zetu. Lakini mficha maradhi kifo humwumbua. Twasema kwa sauti: kutouma si dalili ya heri. Donge jipya titini au kwapani, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla au kutoa damu, yote hayo ni sababu ya kwenda zahanati juma hilo hilo. Madonge mengi hayageuki kuwa saratani, na anayejua hilo kwa kupimwa hulala usingizi. Akina baba nao, ambao ndio wenye nauli mara nyingi, watambue kwamba maradhi haya huwapata hata wanaume, ijapokuwa ni wachache.

Tunayoomba

Kwa viongozi wetu tuna mambo manne, na yote yamo katika uwezo wa mikoa yetu.

Kwanza, kila zahanati na kila kituo cha afya kiwe na muuguzi au mkunga aliyefunzwa kuchunguza matiti kwa mikono. Mama huja kliniki kupima mtoto. Yeye mwenyewe achunguzwe siku hiyo hiyo, nyuma ya pazia, na mwanamke mwenzake.

Pili, kinofu kisafiri badala ya mgonjwa. Hospitali ya wilaya yaweza kutoa kinofu kwa sindano maalumu, kukitia katika chupa ya formalini na kukipeleka palipo na hadubini. Mwenye donge hana haja ya kuvuka ziwa ili tu aambiwe kwamba donge lake ni la mafuta. Lakini chupa hiyo isikae kabatini. Kwa vipimo vya homoni yafaa kinofu kishughulikiwe ndani ya siku tatu. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti ulioanzishwa mwaka 2021, linataka mgonjwa awe amepata jibu kamili ndani ya siku 60 tangu alipofika mara ya kwanza, na angalau asilimia 60 ya saratani zinazopenya zigunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili. Tuviweke vipimo hivyo ukutani mwa kila ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, na tuviulizie kila robo mwaka katika vikao vya baraza la madiwani.

Tatu, visiwa vihesabiwe kama visiwa. Kuvuka ziwa si mzaha. Watu wa Ukara hawajaisahau Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na gati na kuwapoteza watu zaidi ya mia mbili. Iwepo siku maalumu ya mwezi ambapo muuguzi na vifaa huvifuata visiwa, na iwepo nafasi salama ya usafiri na mahali pa kulala mjini kwa mgonjwa anayefuata matibabu ya majuma mengi. Wengi wanaoanza matibabu huyaacha kwa kukosa pa kulala.

Nne, dhahabu ichangie. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inazitaka kampuni za madini kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wao kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kwa kawaida fedha hizo twaziona katika madarasa, barabara na zahanati, na ni vyema. Twaomba sehemu yake ifundishe mikono ya wauguzi na kulipia chupa, mafuta ya boti na mshahara wa mtaalamu wa hadubini. Dhahabu huisha, kama tulivyoona Buzwagi, wilayani Kahama, uzalishaji ulipokoma mwaka 2021. Mama aliyepona hubaki kulea.

Nchi yetu si ngeni katika kazi ya namna hii. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Hawakungoja kila mtu awe daktari. Walichofundishwa kilikuwa chepesi, kikasemwa kwa lugha wanayoielewa, na kikafuatwa na kazi.

Saratani ya matiti haina haraka mwanzoni. Hukaa kimya katika kifereji chake, huita, hungoja mishipa, kisha huondoka. Kila siku ambayo mama mmoja wa Maisome anakaa na donge lake bila ya kumwambia mtu, maradhi yake yanajenga njia. Nasi hatuna budi kumjengea yeye njia yake: fupi, salama, na isiyo na aibu. Tusiposhindana hapo, tutaendelea kukutana na maradhi haya mjini kwake, baada ya barabara zote kukamilika.